Uzi: Earl wa Erroll aliyeuawa Nairobi 1941 – nani alirithi nini, na kwa nini vyeo vyake viligawanyika

Fundi Shajara (#1)

Wakuu, kila ukitajwa mkasa wa Karen, kitongoji cha Nairobi, wa Januari 1941, mjadala huishia kwenye nani alifyatua risasi. Uzi huu hauna habari na muuaji. Unahusu vyeo vya marehemu vilikokwenda, maana hapo makala nyingi zinateleza. Moja itakwambia cheo kilikwenda kwa mdogo wake, nyingine itasema kwa binti yake, na wasomaji wanabaki wakibishana. Zote mbili zimeshika nusu ya ukweli.

Marehemu ni Josslyn Victor Hay, aliyezaliwa 1901. Alipouawa tarehe 24 Januari 1941 alikuwa na vyeo viwili vikubwa kwa wakati mmoja: Earl wa 22 wa Erroll, na Baron wa 5 Kilmarnock. Hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti mmoja, Diana, aliyezaliwa Kenya Januari 1926, na mdogo wake wa kiume, Gilbert.

Earl wa Erroll akawa ni yule binti wa miaka 15: Countess (yaani Earl wa kike) wa 23 wa Erroll. Gilbert akawa Baron wa 6 Kilmarnock. Marehemu mmoja, kifo kimoja, warithi wawili.

Wengi wanadhani kuna "sheria ya vyeo vya Uingereza" moja inayosema wanawake hawarithi. Haipo. Kila cheo kina masharti yake ya kuzaliwa, na masharti hayo hayabadiliki kwa sababu mmiliki ana vyeo vingine. Erroll ni cheo cha Uskoti cha mwaka 1452. Vyeo vingi vya kale vya Uskoti vinaweza kupita kwa binti pale mwana wa kiume anapokosekana, na hiki kilishawahi kupita hivyo. Kilmarnock ni cheo cha Ufalme wa Muungano cha mwaka 1831, na hati yake ya kifalme inataja warithi wa kiume waliotoka katika mwili wa mpewa wa kwanza. Kwa hiyo Diana hakuwa hata kwenye foleni ya Kilmarnock, na Gilbert alikuwa nyuma ya mpwa wake kwenye foleni ya Erroll.

Kuna na cha tatu kinachosahaulika: Konstebo Mkuu wa Uskoti. Si konstebo wa kituo cha polisi. Ni wadhifa wa kurithi ambao Robert Bruce alimpa Gilbert Hay mwaka 1314, na unafuatana na u-Earl wa Erroll. Huo nao ulikwenda kwa Diana.

Mama Wawili (#2)

Fundi, hapo kwenye u-Baron nimekwama. Mtu tayari ni Earl, cheo kilicho juu ya Baron. Kwa nini apewe tena cha chini? Ni kama kumpandisha meneja akawa karani.

Kisima cha Kale (#3)

Dada, swali zuri, na jibu lake liko bungeni.

Uskoti na Uingereza zilipoungana 1707, makabaila (wenye vyeo vya kurithi) wa Uskoti hawakupewa wote viti katika Bunge la Malodi. Walichagua 16 miongoni mwao wawawakilishe, na utaratibu huo ulidumu hadi sheria ya vyeo ya 1963. Earl wa Uskoti asiyechaguliwa alikuwa na jina kubwa na hana kiti. Baron wa Ufalme wa Muungano, hata awe wa jana, alikuwa na kiti moja kwa moja.

Sasa William George Hay, Earl wa 18, alikuwa amemwoa Elizabeth FitzClarence mwaka 1820. Elizabeth alikuwa binti wa William IV aliyezaliwa nje ya ndoa, mama yake akiwa mwigizaji Dorothea Jordan. William akawa mfalme 1830, na mwaka uliofuata mkwewe akapewa u-Baron Kilmarnock. Bungeni alikaa kwa u-Baron. Mitaani na kwenye karamu aliendelea kuitwa Earl wa Erroll, maana mtu huitwa kwa cheo chake cha juu. Kwa hiyo cha chini hakikuwa kumshusha, kilikuwa ufunguo wa mlango.

Ukihesabu kutoka kwa mfalme: Elizabeth ni mtoto, Earl wa 19 mjukuu, wa 20 kitukuu, wa 21 kilembwe, na Josslyn wa Nairobi ni kinying'inya wa William IV. Haki ya kiti cha enzi haikuwapo hata chembe, kwa sababu mama mzaa ukoo hakuzaliwa ndani ya ndoa.

Kalamu ya Mwanzi (#4)

Naongeza la jina, kwa sababu mtu akiangalia orodha atakuta Gilbert anaitwa Boyd na kaka yake Hay, kisha ataandika kwamba walikuwa wa baba tofauti. Nimeshaliona kosa hilo. Walikuwa baba mmoja mama mmoja.

Kwa damu ya kiume, Josslyn hakuwa Hay. Alikuwa Boyd. Fuateni taratibu:

Earl wa 13, Charles, alikufa 1717 bila kuoa. Dada yake Mary akarithi, akawa Countess wa 14 kwa haki yake mwenyewe (huo ndio ushahidi aliougusa Fundi: cheo kilishapita kwa mwanamke zaidi ya miaka 220 kabla ya Diana). Mary naye akafa 1758 bila mtoto. Akafuata mjukuu wa dada yake Margaret, kijana aitwaye James Boyd. Akaacha jina la Boyd, akachukua Hay, akawa Earl wa 15. Wote kuanzia wa 15 hadi wa 22 ni Boyd kwa baba na Hay kwa jina.

Baba yake James alikuwa William Boyd, Earl wa 4 wa Kilmarnock, aliyeunga mkono uasi wa 1745 wa kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha enzi na kukatwa kichwa Tower Hill, London, tarehe 18 Agosti 1746. Vyeo vyake vilifutwa. Ndiyo maana mwaka 1831 walipochagua jina la u-Baron mpya walichagua Kilmarnock: walikuwa wanarudisha jina la babu lililopotea, ngazi mbili chini ya pale lilipokuwa.

Msichanganye basi. Earl wa Kilmarnock ni cheo cha Uskoti cha 1661, kilifutwa 1746 na hakijarudi. Baron Kilmarnock ni cha 1831 na ndicho alichorithi Gilbert. Gilbert alipokipata 1941, akabadili jina kutoka Hay kurudi Boyd, kwa kuwa jina la Hay na uchifu wa ukoo wa Hay vilibaki kwa mpwa wake.

Ndovu Mpole (#5)

Hesabu imekaa sawa. Ila sijaelewa kwa nini huyo Josslyn kwenye nyaraka za miaka ya 1920 ana majina matatu tofauti. Kwenye ndoa ya 1923 ni "Hon. Josslyn Hay", baadaye "Lord Kilmarnock", kisha "Lord Erroll". Ni mtu mmoja kweli?

Fundi Shajara (#6)

Ni mmoja, mkuu. Hapa ndipo pa kutofautisha cheo halisi na cheo cha heshima.

Hadi Julai 1927 babu yake, Charles, Earl wa 20, alikuwa hai. Babu ndiye aliyeshika vyote viwili. Lakini kwa desturi mwana mkubwa wa Earl huazimwa cheo cha pili cha baba, kwa hiyo Victor, baba yake Josslyn, akiitwa Lord Kilmarnock ilhali kisheria hakuwa Baron wa chochote. Mtoto wa mtu anayetumia cheo cha heshima cha ngazi ya Baron huandikwa Hon., basi Josslyn akawa Hon. Josslyn Hay.

Babu akafa Julai 1927. Victor akawa Earl wa 21, na Josslyn akapanda kwenye jina lililoachwa wazi: Lord Kilmarnock, kwa heshima tu. Victor naye akafa Februari 1928. Josslyn akawa Earl wa 22 na Baron wa 5 halisi. Majina matatu ndani ya miezi minane.

Ukisoma nyaraka, kigezo chako ni tarehe. Hati ya Agosti 1927 ikisema "Lord Kilmarnock", huyo ni Josslyn. Ya Mei 1927, huyo ni baba yake. Watu wamewahi kumpa mtoto kazi ya ubalozi ya baba kwa kutotazama mwezi.

Na hiyo "Hon." msiitafsiri "Mheshimiwa" mkaacha hivyo. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania Mheshimiwa ni mbunge. Hon. ya Uingereza huandikwa kwenye bahasha na haitamkwi mdomoni. Ana kwa ana ni Bwana Hay tu. Kinachochanganya zaidi ni kwamba Josslyn baadaye alichaguliwa kweli kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, kwa hiyo angeweza kuwa Mheshimiwa kwa njia nyingine kabisa.

Mama Wawili (#7)

Sasa tuje kwa wanawake wanaotajwa kwenye mkasa huu. Lady Idina, Lady Broughton, Lady Delamere. Kwa nini mmoja anaitwa kwa jina lake na wengine kwa la mume?

Kisima cha Kale (#8)

Hili ndilo linalotia aibu magazeti, kwa hiyo nitalichambua vizuri.

"Lady" ikifuatiwa na jina la kuzaliwa (Lady Idina) inamaanisha baba yake ni Earl, Marquess au Duke. Amezaliwa nayo, hata akiachika mara kumi haipotei. "Lady" ikifuatiwa na jina la cheo au la ukoo (Lady Delamere, Lady Broughton) inatoka kwa mume.

Idina alikuwa binti wa Earl wa 8 De La Warr. Aliolewa mara tano. Alipoolewa na Josslyn 1923 alikuwa Lady Idina Hay. Mume alipokuwa Earl 1928 akawa Countess wa Erroll. Waliachana 1930, akaolewa na Bwana Haldeman na kurudi kuwa Lady Idina Haldeman. U-Countess ulikatika, u-Lady wa kuzaliwa ukabaki.

Diana Caldwell ni kinyume chake (huyu si Diana binti wa Josslyn, angalieni). Baba yake hakuwa kabaila. Alipoolewa na Sir Henry Delves Broughton, aliyeitwa Jock, Baronet wa 11, akawa Lady Broughton. Alipoolewa na Gilbert Colvile 1943 akawa Bi. Colvile, basi. Alipoolewa na Baron wa 4 Delamere 1955 akawa Lady Delamere. Kuandika "Lady Diana" kwa mwanamke huyu ni kosa wakati wowote wa maisha yake.

Mfano mwingine mzuri uko hapo hapo Bonde la Ufa. Baron wa 3 Delamere alimwoa 1899 Lady Florence Cole, binti wa Earl wa 4 wa Enniskillen. Ndugu zake wa kiume waliokuja Kenya, Galbraith na Berkeley Cole, ni Hon. tu. Baba mmoja, lakini binti wa Earl ni Lady na mwana mdogo wa Earl ni Hon. Haina mantiki, ni desturi.

Na Lord Francis Scott wa Rongai? Yeye ni mwana mdogo wa Duke wa 6 wa Buccleuch. Wana wadogo wa Duke na Marquess huitwa Lord pamoja na jina la kuzaliwa. Kwa hiyo "Lord Francis" ni sahihi na "Lord Scott" ni kosa. "Lord Erroll" ni sahihi na "Lord Josslyn" ni kosa. Ukikosea hapo unambadilishia mtu baba.

Ndovu Mpole (#9)

Na Sir Jock mwenyewe, huyo Baronet, si kabaila wa bungeni?

Kisima cha Kale (#10)

Hapana. Baronet hurithi cheo lakini yuko nje ya daraja tano za makabaila: Duke, Marquess, Earl, Viscount, Baron. Anaitwa Sir pamoja na jina la kuzaliwa, hivyo "Sir Broughton" haipo.

Tofauti hiyo haikuwa ya maneno tu. Wakati huo kabaila aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa nchini Uingereza alikuwa bado na haki ya kuhukumiwa na Bunge la Malodi. Lord de Clifford alihukumiwa huko Desemba 1935 akaachiwa, na haki yenyewe ilifutwa 1948. Baronet hakuwa nayo kamwe. Broughton, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya Josslyn, alisimama mbele ya baraza la wazee wa mahakama Nairobi kama mtu mwingine yeyote wa tabaka lake, na akaachiwa Julai 1941.

Bahasha Kavu (#11)

Mimi nataka njia. Nikikuta kabaila yeyote amekufa, nifanyeje kujua nani anarithi? Msinipe historia.

Fundi Shajara (#12)

Sawa, bila mapambo.

1. Orodhesha vyeo vyote vya marehemu, kimoja kimoja, na mwaka wa kila kimoja. Usianze na watoto. Wengi wanaanza na watoto ndiyo maana wanakosea.

2. Kwa kila cheo uliza ni cha nchi gani: England, Uskoti, Ireland, Great Britain (1707–1800) au Ufalme wa Muungano. Hilo pekee linakupa dalili ya masharti.

3. Tafuta masharti ya urithi kwenye hati. "Warithi wa kiume wa mwili" ndiyo ya kawaida: mwana wa ndoa, kupitia wanaume watupu. Lakini zipo za pekee. Lord Mountbatten hakuwa na mwana, na hati zake za 1946 na 1947 zilimtaja binti yake. Kwa hiyo 1979 Patricia akawa Countess Mountbatten. Hati ya Uingereza, mwanamke amerithi, hakuna muujiza.

4. Sasa ndipo uje kwa watoto. Toa waliozaliwa nje ya ndoa. Toa wa kulea: tangu 2004 wanaruhusiwa kutumia majina ya heshima, Hon. au Lady, lakini hawarithi cheo. Mwana aliyekufa kabla ya baba usimfute; angalia kama ameacha mwana, maana mjukuu humtangulia ami yake.

5. Kama mabinti ndio warithi na ni zaidi ya mmoja, simama. Baadhi ya vyeo vya kale vya England vinaning'inia: mabinti wote wana haki sawa, kwa hiyo hakuna anayekishika hadi matawi yaishe libaki moja au mfalme aamue. Uskoti hakuna kuning'inia, binti mkubwa anachukua chote. Wale mliozoea hesabu za mirathi, sahauni mafungu. Cheo hakikatwi thumni.

6. Jina kwenye kaburi halitoshi. Tangu 2004 kuna Daftari Rasmi la Makabaila. Mrithi hupeleka vyeti: kifo cha mtangulizi, ndoa ya wazazi, kuzaliwa kwake, na pale anaporukia tawi, uthibitisho kwamba matawi yaliyo mbele yake yameisha. Asiyeandikwa haitwi kwa cheo kwenye hati za serikali.

Hatua inayokwamisha watu ni vyeti vya ndoa, hasa kwa koo zilizotawanyika makoloni. Cheti cha kuzaliwa kinaonyesha mama na baba, hakithibitishi kwamba walikuwa wameoana siku hiyo.

Kalamu ya Mwanzi (#13)

Hatua ya 3 ndiyo roho ya yote. Kwa Erroll kuna kitu cha ziada: Gilbert, Earl wa 11, hakuwa na mtoto, na kabla ya kufa 1674 alikuwa amepata hati mpya iliyomruhusu kumtaja mrithi wake. Ndiyo maana Sir John Hay wa Kellour akawa Earl wa 12. Vyeo vya Uskoti viliweza kurudishwa kwa mfalme na kutolewa upya kwa masharti mapya, jambo ambalo England halikuwezekana. Ukisoma hati ya kwanza tu ukaishia hapo, utapata jibu lisilo sahihi.

Mama Wawili (#14)

Diana akawa Countess akiwa na miaka 15. Aliingia bungeni? Na mumewe akawa nani?

Fundi Shajara (#15)

Hakuingia, si kwa sababu ya umri tu. Wanawake wenye vyeo vya kurithi hawakuruhusiwa kukaa Bunge la Malodi hadi sheria ile ile ya 1963. Sheria hiyo ilimfungulia mara mbili: kama mwanamke, na kama kabaila wa Uskoti asiyehitaji tena kuchaguliwa kati ya wale 16.

Mumewe hakuwa chochote kwa ajili yake. Mke wa Earl ni Countess. Mume wa Countess ni yule yule aliyekuwa. Aliolewa 1946 na Iain Moncreiffe, bingwa wa nasaba na alama za koo, ambaye baadaye alirithi u-Baronet kwa upande wake mwenyewe. Diana alifariki 1978, mwanawe Merlin akawa Earl wa 24. Iain akafa 1985, Merlin akapata na u-Baronet wa baba. Tazameni: vilivyotawanyika 1941 havikurudi, lakini kingine kipya kikaja kujiunga.

Merlin alichukua jina la Hay, mdogo wake Peregrine akabaki Moncreiffe na kuwa chifu wa ukoo huo. Sheria ya 1999 ilipowaondoa bungeni karibu warithi wote na kuwabakiza 92, Merlin alikuwa miongoni mwa waliobaki. Kwenye kutawazwa kwa Charles III, tarehe 6 Mei 2023, alikuwepo kama Konstebo Mkuu wa Uskoti.

Dalili ndogo inayothibitisha mgawanyo: mrithi wa Erroll leo anaitwa Lord Hay. Zamani angeitwa Lord Kilmarnock, ila jina hilo si lao tena kuazimana.

Bahasha Kavu (#16)

Na mashamba? Oserian, makazi ya Josslyn pale Naivasha, nani alirithi pamoja na cheo?

Kisima cha Kale (#17)

Hakuna kitu kama hicho. Cheo na ardhi ni vitu viwili. Oserian, ambayo leo wengi wanaijua kwa maua, ilikuja kwa njia ya mke wa pili, Molly, aliyekufa 1939. Upande wa Uskoti hakukuwa na cha kurithi: ngome ya Slains iliuzwa na babu 1916, na mwaka 1925 paa lake liling'olewa. Josslyn alirithi majina matupu na nafasi ya kusimama mbele kwenye sherehe.

Ndovu Mpole (#18)

La mwisho. Je, hivi vyeo vinaweza kukutana tena kwa mtu mmoja?

Kalamu ya Mwanzi (#19)

Upande mmoja tu. Uzao wote wa Diana ukiisha, tawi la Gilbert ndilo linalofuata kwa Erroll, na Baron Kilmarnock wa siku hiyo angekuwa Earl pia. Kinyume chake hakiwezekani: uzao wa Diana unatoka kwa Josslyn kupitia mwanamke, na hati ya 1831 haimtambui yeyote wa njia hiyo. Wanaume wa ukoo wa kiume wa Earl wa 18 wakiisha, u-Baron unakufa, hata kama kina Hay watakuwa wamejaa chumba kizima.

Fundi Shajara (#20)

Na mtu akiwa anahariri ukurasa wowote wa Kiswahili kuhusu mtu huyu, sentensi ya kuweka ni hii: "Alirithiwa na binti yake Diana katika u-Earl wa Erroll, na mdogo wake Gilbert katika u-Baron Kilmarnock." Futeni ile ya "cheo chake kilirithiwa na…", kwa umoja.